Karibu Thelathini na Mbili

Benchi la Shangazi lina miguu mitatu na tofali. Limekaa kwenye kona, mgongo wake kwenye kibanda cha kinyozi na uso wake kwenye ukuta mrefu wa kliniki ya macho, ng'ambo ya barabara. Sheria ya kijiwe ni moja tu: anayekalia upande wa tofali hana ruhusa ya kukasirika, maana akitikisika yeye, watu wote wanakwenda chini na kahawa zao. Siku hiyo upande wa tofali alikaa Brashi, fundi wa kuandika mabango, na kama kuna kiumbe mjini asiyeijua kazi ya kutulia, ndiye huyo. Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Saa kumi meneja wa kliniki angerudi na ndoo ya chokaa kuja kuufuta ukuta ambao Brashi ameuandika kwa siku tano, na Brashi alikuwa akikasirika taratibu, kwa kujibana, ili tofali lisiponyoke.

Habari yenyewe ilianza hivi. Kliniki ilifanyiwa ukarabati, ikazungushiwa mabati miezi minne, na mabati yalipoondolewa ukatokea ukuta mmoja mrefu, mtupu, wenye plasta mpya kutoka kona hadi kona. Wagonjwa walianza kupokelewa Jumatatu, lakini sherehe ya kufungua ni kesho, na wakubwa wanakuja. Meneja akataka ukuta uandikwe neno moja tu, karibu, kwa lugha thelathini na mbili za dunia, idadi ya meno ya mtu mzima asiyependa ugomvi. Kazi akapewa Brashi, na tangu apewe, mtaa haujapata usingizi kwa majigambo yake.

Tumpe haki yake lakini. Brashi aliacha shule darasa la sita, siku mwalimu aliposema mtoto huyu ana mwandiko mzuri na kichwa kibovu. Akaichukua nusu ya kwanza ya sentensi, akaondoka nayo, ile ya pili akamwachia mwalimu. Tangu hapo ameandika kila kinachoandikwa mtaani: USIKOJOE HAPA. MARUFUKU KUEGESHA. MBWA MKALI. NYUMBA HII HAIUZWI. HAKUNA NJIA. Miaka minne mkono wake unafukuza watu kwa herufi kubwa nyekundu. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuambiwa aandike neno la kumwita mtu, akalifanyia kazi kama anayemjengea mama yake nyumba. Na mama yake ndiye hasa aliyekuwa akilini, mama ambaye hajamsamehe lile darasa la sita. Alikuwa amemwahidi kwamba kesho avae gauni lake la sikukuu, apite mbele ya kliniki, asome pale chini pembeni, kwa rangi nyekundu: BRASHI, FUNDI WA LUGHA ZOTE.

Na ana utaratibu wake wa kazi. Kwanza hukwangua. Ukuta lazima uwe mtupu kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Kila doa, kila alama ya makaa iliyoachwa na waashi, anaisugua kwa msasa mpaka ife, maana Brashi hawezi kuandika mahali penye mwandiko wa mtu mwingine. Anasema ni kama kulala kitandani kwa jirani. Siku ya kwanza alisugua tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kisha akaichukua orodha ya meneja, akaikatakata vipande thelathini na viwili, neno moja kila kipande, akavitia kofiani. Akipanda ngazi huchomoa kimoja, hukibandika ukutani, hukiiga kama mtu anayechora sura. Hajui Kijapani wala Kigiriki, na hajali. Anayechora ng'ombe, husema, halazimiki kutoa maziwa.

Ila kipande cha karatasi kikishakatwa hakina juu wala chini.

Asubuhi hiyo mgeni mmoja alipita ndani ya gari, akautazama ukuta, akacheka, akasema neno moja limesimama kwa kichwa. Alimwambia dereva wake, dereva akamwambia mlinzi, mlinzi akamwambia meneja, na habari ilipomfikia Brashi ilikuwa imebaki kicheko kitupu. Neno lipi, lugha gani, safu ya ngapi, hakuna aliyeuliza. Meneja alisema kwa simu kwamba lipatikane na lirekebishwe kabla ya saa kumi, la sivyo ukuta wote unapakwa chokaa na kutundikwa kitambaa cha plastiki kilichochapwa kwa mashine.

— Plastiki, alisema Brashi, kwa mara ya saba tangu akae. Mimi na plastiki tunapimwa mzani mmoja.

— Tofali, alimkumbusha Shangazi, bila kuinua macho kwenye birika.

Shangazi ndiye mwenye kahawa na ndiye mwenye benchi. Si shangazi wa mtu yeyote pale, lakini hakuna aliyewahi kuthubutu kumwita kwa neno lingine.

Kulia kwa Brashi alikaa Gia Kubwa, dereva mstaafu wa malori ya safari ndefu, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe amevuka mipaka kumi na minne na kukaribishwa kote. Kushoto alikaa Wembe, kinyozi, ambaye mteja wake alikuwa kibandani nusu kichwa kimenyolewa, nusu kingali msitu, akisubiri mjadala uishe. Wembe huwa hawezi kunyoa na kubishana kwa pamoja. Alijaribu mara moja, na sikio la mtu lina kovu mpaka leo.

Gia Kubwa ndiye aliyeanza upelelezi. Alijifunika jicho moja kwa kikombe, akaukagua ukuta kwa lile lingine, akatoa hukumu kwamba mkosaji ni Kirusi. Kuna herufi pale, alisema, ina miguu sita kama mende, na mende akiwa na miguu juu kila mtu anajua amekufa.

— Ile ukiigeuza inabaki ileile, mzee, alisema Brashi. Nimeigeuza mwenyewe mara tatu kabla ya kuiandika.

— Ndiyo maana ninaishuku. Kitu kisicho na juu wala chini kinaficha nini? Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

— Hiyo inahusu nini na mende?

— Mende haendi pole, alisema Gia Kubwa, akanywa kahawa yake kwa ushindi.

Wembe yeye alikishuku Kichina. Alieleza kwa mkono, akikatakata hewa kama anamnyoa mtu, kwamba neno la Kichina ni nyumba, lina paa, lina kuta, lina mtu ndani anapika, na pale ukutani aliona paa likiwa sakafuni. Brashi akamjibu kwamba alichokiona ni kivuli cha waya wa umeme. Wakabishana juu ya waya huo mpaka Shangazi akasimama, akavuka barabara polepole na kopo lake la maji, akapita mbele ya ukuta kama hakimu, akarudi.

— La Kiarabu limesimama sawa, alisema. Nimelisoma. Mengine mtayatafuta wenyewe.

Basi yakabaki thelathini na moja, na saa ikagonga tisa kasoro.

Hapo ndipo hasira ilipobadilika mwelekeo. Kutafuta kosa ni kazi; kumtafuta wa kulaumiwa ni starehe. Gia Kubwa akasema yeye tangu mwanzo hakumwamini yule mgeni. Mtu anapita na gari, hasimami hata sekunde kumi, anaona neno moja kati ya thelathini na mbili limepinduka? Kwenye kliniki ya macho? Huyo hana ugonjwa, kwa nini asumbue madaktari. Wembe akaenda mbele zaidi. Mgeni alikuwa amelala kwenye kiti cha gari, kichwa chini, kama walalavyo wakubwa wakishashiba, na kwa hiyo maneno thelathini na moja aliyaona yamepinduka na lile moja aliliona sawa. Kwa hiyo kilichomchekesha, alisema Wembe, ndicho kitu pekee alichokiona vizuri.

— Nyie hamjasafiri, alisema Gia Kubwa. Dunia ni mviringo. Wale wa upande wa chini kule, wewe ukisimama, kwao umening'inia. Sasa neno lao ukiliandika hapa kwetu likasimama, kwao limepinduka. Ukilipindua, kwao limesimama. Kwa hiyo mgeni anayetoka kule lazima aone kosa, hata ukiandika vipi.

— Na chakula chao kinakaaje sahanini? aliuliza Shangazi.

Gia Kubwa alisema hilo ni swali la mapishi, na yeye ni mtu wa barabara.

Brashi alicheka bila kugeuza kichwa. Alikuwa akiangalia ule ukuta kama mtu anayemwangalia mtoto wake amelala homa. Kilichompa nguvu wiki nzima ni watazamaji. Tangu Jumatatu, siku aliyomaliza kusugua, watu walikuwa wanakuja kuuangalia ukuta wake, na si kuangalia kwa kupita. Wanaanza kona hii, wanatembea polepole hadi kona ile, wanasimama, wanarudi. Juzi mzee mmoja mwenye miwani myeusi aliupitia mara tatu, akishikwa mkono na mjukuu wake, halafu akatikisa kichwa, akaondoka. Brashi alikuwa juu ya ngazi, akamwambia kila aliyetaka kusikia na asiyetaka: huyo mzee amekosa la kusema. Jana mwanamke na mtoto mgongoni walizunguka jengo zima. Sanaa, alisema Brashi, ikikukamata haikuachi, utazunguka hata nyuma ukidhani kuna nyingine.

— Plastiki itawazungusha watu hivyo? aliuliza sasa. Itawazungusha?

Wote walikubali kwamba plastiki haijawahi kumzungusha mtu.

Wembe alikuwa na hasira yake nyingine aliyoiweka kiporo tangu asubuhi, akaona ni wakati wa kuipasha moto. Alitaka kujua, kati ya hizo karibu thelathini na mbili, ya Kiswahili iko wapi. Alikuwa ameitafuta safu kwa safu. Kifaransa kipo, Kireno kipo, Kituruki kipo, Kihindi kipo pale juu, Kisomali na Kihausa vipo. Kuna mpaka lugha ambayo hata Gia Kubwa hajawahi kudanganya kwamba anaijua. Yetu haipo.

Brashi alikiri kwamba alimuuliza meneja swali hilohilo siku ya kwanza.

— Akasemaje?

— Alisema wanaokaribishwa ni wageni. Wenyeji wameshafika.

Kijiwe kizima kiligeuka kumtazama. Hata yule mteja wa nusu kichwa alisikika kibandani akiguna.

— Wameshafika, alirudia Shangazi, akiliweka birika chini. Wameshafika wapi?

— Subirini, alisema Wembe, na sasa alisimama kabisa. Hebu subirini. Geti la magari la kliniki limeandikwa nini?

— Hakuna kuingia bila kibali, alisema Brashi. Niliandika mimi.

— Kwa lugha gani?

— Kiswahili.

— Ukuta wa nyuma?

— Usikojoe hapa. Kiswahili.

— Maegesho?

— Gari lako litavutwa. Ee. Kiswahili.

— Basi kumbe tunajulikana, alisema Wembe, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira tamu, ile ya mtu aliyeona mambo kabla ya wenzake. Kutukatalia wanaijua lugha yetu. Kutufukuza wanaijua, na nukta wanaweka. Ikifika kutukaribisha, wanatafuta Kijapani.

Brashi aliyapitia kichwani mabango yote ya miaka minne, na mkono ulioyaandika ulikuwa palepale umeshika kikombe.

Gia Kubwa hakupenda kuachwa nyuma kwenye hasira, akaingia na elimu yake. Alisema yeye amekaribishwa kwa lugha hizo zote, na kuna siri hawa hawaijui. Wafaransa, Wareno, Wahispania, hata Waturuki, neno lao ukilifungua ndani linasema umekuja vizuri. Umekuja. Yaani wewe umeshapigwa jua, umeshasukuma mlango, umeshaingia, umesimama sebuleni, ndipo mtu anakuambia umekuja vizuri. Huko ni kukaribisha au ni kuita mahudhurio? Sisi tunasema karibu. Mtu yuko nje bado, yuko barabarani, hata hujamjua ni nani, unamwambia sogea. Wasomali nao hivyo hivyo, husema sogea huku. Hilo ndilo neno, alisema. Linatoka nje kukufuata.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, na pengine mwaka huo, Gia Kubwa alikuwa amesema jambo la maana, na kila mtu alishtuka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Haraka akaliharibu kwa kuongeza kwamba ndiyo maana wahenga wakanena mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Hiyo ni ya kumchosha mgeni, si ya kumkaribisha, alisema Wembe.

— Jembe unampa mtu aliye mbali? Lazima kwanza asogee.

Kutoka hapo mjadala ulikatika breki. Wembe akadai lugha zote za umekuja vizuri ziliundwa na mafundi wa kufuli. Gia Kubwa akadai shemeji yake meneja ana mashine ya kuchapa plastiki, na kwamba hakuna mgeni, hakuna gari, hakuna kicheko, yote yametungwa ili shemeji apate kazi. Wembe akauliza kama amewahi kumwona huyo shemeji. Gia Kubwa akasema shemeji wa namna hiyo haonekani, huo ndio ushahidi.

Katikati ya moto huo, Shangazi alisuuza kitambaa chake cha kufutia vikombe, akakikamua, akakitundika kwenye kamba iliyofungwa toka kibanda hadi mti wa taa. Kikaning'inia. Pembeni yake kilikuwa kingine, na kingine. Vitambaa vitatu, kamba juu, ncha zinachezacheza chini.

Brashi akavitazama. Kisha akatazama ukuta, safu ya juu kabisa, neno la tatu.

Lile la Kihindi lilikuwa na mstari mmoja mrefu unaoshika herufi zote. Alikumbuka alivyokishika kile kipande juu ya ngazi, akakigeuza hivi, akakigeuza vile, na akaamua kwa akili yake nzuri ya fundi kwamba mstari ni sakafu, maana hakuna kitu duniani kisichosimama juu ya kitu. Akaziweka herufi juu ya mstari, zimepangana vizuri, kama watu kwenye benchi. Aliipenda sana kazi hiyo. Alimwambia Wembe siku ile kwamba Wahindi ni watu wa kijiwe.

Sasa aliona wazi kwamba haikuwa sakafu. Ilikuwa kamba, na herufi zilianikwa.

Saa ilikuwa tisa na robo. Neno moja, safu ya juu, ngazi ipo, rangi ipo. Akianza sasa hivi anamaliza kabla ya saa kumi, ukuta unapona, mama anasoma. Kilichobaki ni kusimama na kusema jamani nimeliona. Lakini kusema hivyo mbele ya Wembe ni sawa na kujiandika mwenyewe kwenye paji la uso. Wembe angemwita Kamba mpaka uzeeni. Watoto wa Wembe, ambao hawajazaliwa, wangemwita Babu Kamba. Fundi wa lugha zote akaona heri angoje dakika mbili tatu, wenzake wachukuliwe na ubishi, ateleze kimyakimya kama mtu anayekwenda haja.

Alingoja. Gia Kubwa alikuwa amesimama mbele yao, mgongo wake mpana umeziba ukuta wote, akionyesha umbo la dunia kwa kikombe na mahali wanapoishi watu wa kuning'inia. Alipomaliza alijitupa benchini kwa kishindo, na ukuta ukaonekana tena.

Safu ya chini ilikuwa haipo.

Ndiyo safu aliyoimaliza alfajiri ile, rangi ya mafuta, mbichi bado. Toka kona ya mbali hadi kona ya karibu ulipita mfuo mmoja, upana wa kiganja, umeyakokota maneno yote. Kireno kimeingia kwenye Kituruki, Kituruki kimemezwa na Kihausa, Kihausa kikamwagikia kwenye Kigiriki, na mwisho wa mfuo, pale pembeni, palipokuwa na jina la mtu, palikuwa na ukungu mwekundu. Juu kabisa, salama salimini, hapakuguswa hata nukta, Kihindi kilisimama kwa kichwa.

Kwenye ncha ya mfuo alisimama mwanamke wa umri wa mama yake Brashi, au zaidi kidogo. Jicho la kushoto limezibwa kwa pamba na plasta. Kwapani mkoba na bahasha. Alikuwa amekiinua kiganja chake cha kulia karibu na jicho lililobaki, akikitazama, kina rangi zote.

Brashi aliruka. Tofali likaponyoka. Benchi likaenda chini, Gia Kubwa akaenda nalo, Wembe akamfuata, na birika la Shangazi likapinduka likamwaga kahawa yote juu ya jiko, moshi ukapanda. Brashi hakugeuka. Alivuka barabara na mabango yake yote ya miaka minne mdomoni, USIGUSE na USIPITE na HUONI, akichagua lipi aanze nalo.

Mwanamke alisikia hatua, akamgeuzia jicho.

Na mdomo wa Brashi, ambao mama mtu aliufundisha kabla mwalimu hajauharibu, ukatoa kitu kingine.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Nisamehe, nimechafuka sijui na nini. Nilikuwa napapasa, alisema, akaufuta mkono kwenye kanga, ikazidi kuchafuka. Nimelizunguka hili jengo mara mbili, daktari aliniambia nisichelewe saa tisa. Mlango uko wapi?

Wembe na Gia Kubwa walikuwa wamefika nyuma, wakipangusa makalio. Wembe akanyoosha kidole kulia. Gia Kubwa akanyoosha kushoto. Wakatazamana, wakabadilishana, Wembe kushoto, Gia Kubwa kulia. Miezi minne walikaa mbele ya mabati, na siku tano mbele ya ukuta, na kati yao hakuna aliyewahi kuingia. Mlango wa zamani ulikuwa hapahapa walipo. Ulizibwa kwa matofali ili ukuta uwe mrefu, na geti ni la magari ya wakubwa tu. Mlango mpya wajenzi waliuweka mahali, na Gia Kubwa alisema mahali penyewe lazima pawepo, hilo hana shaka nalo.

— Pameandikwa nini hapa? aliuliza mwanamke, akiuelekezea ukuta jicho lake. Naona rangi tu. Wameandika mlango ulipo?

Brashi alifungua kinywa. Na hapo, wazi kama jana, akaona ukuta ulivyokuwa siku ile ya kwanza, kabla hajashika msasa. Katikati ya plasta palikuwa na mwandiko mbaya wa mwashi, kwa makaa, umekwenda upande kama mlevi. MLANGO, na mshale. Ulikuwa wa kwanza kufa. Alikumbuka alivyoucheka. Alikumbuka mkia wa mshale, mrefu kuliko ulivyostahili, na kichwa chake kilichochorwa mara mbili.

Hakukumbuka ulikuwa unaelekea wapi.

Yule mzee wa miwani myeusi na mjukuu wake. Yule mwanamke na mtoto mgongoni. Kona hadi kona, na kurudi. Brashi alitaka kukaa chini, lakini benchi lilikuwa ng'ambo, nalo limeanguka.

— Mama anauliza, alisema Shangazi, aliyekuwa amevuka bila mtu kumwona. Mkononi alikuwa na kipande cha mkaa, kile kahawa ilichokizima, kingali kimelowa. Alimwekea Brashi kiganjani, akaongeza: wewe ndiye fundi.

Kule mwisho wa barabara gari la meneja lilikuwa linakata kona kabla ya wakati wake, na nyuma ndoo nyeupe inayumba. Brashi aliliona. Aliiona na ngazi yake, imeegemea palepale chini ya Kihindi, inangoja. Akautia mkaa mfukoni, akamshika yule mwanamke mkono, uleule wenye rangi.

— Tuupapase wote, mama, alisema. Tukiuona nitauandika.

Wakaanza upande wa kushoto, kiganja chake ukutani na cha mama ndani ya kiganja chake kingine. Nyuma yao Wembe alishikilia ni kulia, Gia Kubwa akadai kuna ngazi ya kushuka chini ya ardhi, na kibandani mtu wa nusu kichwa aliuliza kama bado kuna kahawa. Shangazi aliliokota birika, akalisimamisha kwa kichwa, akalitikisa. Halikutoka hata tone.